Oksijeni inapogeuka sumu: Pumzi za wapiga mbizi zachunguzwa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mji wa bandari wa Den Helder, kaskazini mwa Uholanzi, yaliko makao ya jeshi la wanamaji la nchi hiyo, kipo kituo cha tiba ya wapiga mbizi ambacho kimejipatia jina kwa kukusanya kitu ambacho sisi wengine hukitupa maelfu ya mara kwa siku bila kukifikiria. Kitu hicho ni pumzi.

Katika tafiti zilizochapishwa kuanzia mwaka 2014, wanamaji waliotoka majini walitakiwa kupuliza pumzi moja ndefu, hadi mwisho wake, ndani ya mfuko maalumu. Kilichokuwamo katika mfuko kikachambuliwa katika maabara ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, kemikali moja baada ya nyingine. Watafiti walioifanya kazi hiyo, miongoni mwao madaktari Pieter-Jan van Ooij, Thijs Wingelaar na Rob van Hulst, hawakuwa wakisaka pombe wala dawa za kulevya. Walikuwa wakitafuta dalili kwamba oksijeni, gesi ileile ambayo mtu akiikosa kwa dakika chache tu hupoteza maisha, imeanza kuyaunguza mapafu ya kijana mwenye afya njema ambaye bado hajakohoa hata mara moja.

Kwa wengi wetu jambo hili laweza kusikika kama mzaha. Oksijeni ndiyo uhai. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, jamaa za wagonjwa katika miji mingi duniani walihangaika usiku na mchana wakiisaka mitungi ya gesi hiyo. Iweje leo tuambiwe kwamba ni sumu?

Jibu limo katika kipimo. Kama ilivyo kwa chumvi na hata kwa maji ya kunywa, oksijeni ina kiasi chake. Ikizidi kiasi hicho kwa muda wa kutosha, huanza kukiharibu kiungo kile kinachoipokea kwanza, nacho ni pafu. Na hakuna watu wanaoikaribia zaidi hatari hiyo wakiwa wazima wa afya kuliko wapiga mbizi. (Nasema wapiga mbizi kwa makusudi, kwani mzamiaji katika Kiswahili cha mitaani ni yule anayejificha melini.)

Hesabu ya vilindini

Mtu aliyesimama ufukweni amebeba juu yake uzito wa hewa yote iliyoko hadi mwisho wa anga. Shinikizo hilo wanasayansi huliita angahewa moja. Akizama baharini, kila mita 10 za maji humwongezea shinikizo jingine kiasi hichohicho: katika mita 10 ni angahewa mbili, katika mita 20 ni tatu, na kuendelea. Kwa kuwa hewa anayoivuta kutoka kwenye mtungi lazima iwe na shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka, hewa hiyo huingia mapafuni ikiwa imeshindiliwa.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Asilimia hiyo haibadiliki vilindini, lakini pafu halijui asilimia. Pafu hulijua shinikizo la oksijeni yenyewe, yaani ile sehemu ya shinikizo lote inayotokana na gesi hiyo peke yake. Juu ya nchi kavu ni angahewa 0.21.

Wasomaji wa pwani bado wanaukumbuka msiba wa Likoni, Mombasa, wa Septemba 29, mwaka 2019, pale gari lilipoteleza kutoka katika feri ya MV Harambee na kuzama na mama na mtoto wake. Gari hilo liliopolewa Oktoba 11, kutoka katika kina cha takriban mita 58. Mpiga mbizi anayevuta hewa ya kawaida katika kina cha namna hiyo yumo chini ya shinikizo la karibu angahewa 6.8, na oksijeni anayoipokea ni angahewa 1.4. Hicho ni kiasi kinachozidi kile cha mgonjwa hospitalini anayevuta oksijeni tupu bila kuchanganywa na chochote.

Kwa dakika chache za kuwa chini kabisa, dozi hiyo haiyafanyi mapafu lolote la kutisha. Taabu huanza muda unaporefuka, au pale gesi inayovutwa majini inapokuwa oksijeni tupu.

Wapo wanaoivuta hivyo. Wa kwanza ni makomandoo wa majini, ambao hutumia chombo kinachoirudisha pumzi ya mtu kwake mwenyewe baada ya kuichuja hewa ya ukaa, kisha kuijazia oksijeni. Chombo hicho hakitoi mapovu, hivyo adui aliye juu haoni kitu. Wa pili ni wapiga mbizi waliopatwa na ugonjwa wa mgandamizo, ule unaotokea mtu anapopanda juu kwa haraka mno na nitrojeni iliyoyeyuka mwilini ikageuka mapovu. Hao huingizwa katika chumba cha chuma chenye shinikizo kubwa na kuvutishwa oksijeni. Ratiba maarufu kuliko zote ya tiba hiyo, iitwayo Jedwali la 6 la Jeshi la Wanamaji la Marekani, huanzia katika shinikizo la kina cha mita 18, kisha mita 9, na kwa jumla huchukua saa 4 na dakika 45. Katikati yake mgonjwa huvuliwa barakoa mara kwa mara ili avute hewa ya kawaida kwa dakika 5 au 15. Mapumziko hayo yamewekwa kwa ajili ya kuikwepa sumu ya oksijeni. Kundi la tatu ni wagonjwa wa kawaida, kwa mfano wenye vidonda vya kisukari visivyopona, ambao katika nchi zenye huduma hiyo huingizwa katika vyumba vya aina hiyo siku baada ya siku kwa wiki kadhaa.

Sumu mbili ndani ya gesi moja

Mwingereza Joseph Priestley, aliyeitenga gesi hii mwaka 1774, aliona mshumaa ukiwaka na kwisha upesi ndani yake. Akajiuliza iwapo binadamu naye, kama angeishi akiivuta hewa hiyo tupu, asingeungua na kwisha upesi vivyo hivyo. Lilikuwa wazo la kubahatisha tu, lakini halikuwa mbali na ukweli.

Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu shinikizo la hewa. Alionyesha kwamba wanyama waliowekwa katika oksijeni yenye shinikizo kubwa walishikwa na degedege na kufa. Miaka 21 baadaye Mskoti James Lorrain Smith, akifuata nyayo za Bert, akakumbana na jambo ambalo hakulitarajia. Wanyama waliovuta oksijeni kwa kiwango kisichofikia cha kuleta degedege, ila kwa siku kadhaa mfululizo, walikufa pia, na mapafu yao yalikutwa yamevimba na kujaa majimaji.

Tangu hapo sumu ya oksijeni huhesabiwa kuwa mbili. Iko ya ubongo, inayokuja ghafla kwa degedege na inayoweza kumuua mtu majini kwa kumfanya aache kuuma mdomo wa mpira wa kupumulia. Iko na ya mapafu, inayokuja polepole: muwasho kooni, kikohozi kikavu, kubanwa nyuma ya mfupa wa kifua, kisha maumivu kila mtu avutapo pumzi ndefu. Hii ya pili haina kishindo, na huenda ndiyo sababu imechelewa kupatiwa kipimo cha kuaminika.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari Kenneth Donald wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliendesha majaribio zaidi ya 2,000 ya kuvuta oksijeni chini ya shinikizo. Alichokibaini kuhusu ile sumu ya ubongo kingali kinawasumbua watafiti hadi leo. Mtu yuleyule aliweza kuvumilia muda mrefu siku moja, na siku nyingine akazidiwa baada ya dakika chache. Hali kadhalika, mtu aliye ndani ya maji alivumilia kidogo kuliko aliyekaa katika chumba kikavu chenye shinikizo lilelile. Ni vyema msomaji akayaweka kichwani mambo hayo mawili, kwani yatarudi.

Mafuta yanayoharibika kifuani

Kinachotokea ndani ya pafu kilianza kueleweka mwaka 1954, wakati mwanasayansi wa Argentina, Rebeca Gerschman, na wenzake walipoeleza kwamba madhara ya oksijeni na yale ya miale ya eksirei yana asili moja. Yote mawili huzalisha mwilini vipande vya molekuli vyenye uchu wa kunyakua elektroni kutoka kwa chochote kilicho jirani. Vipande hivyo huitwa radikali huru. Mwili wenye afya huvizalisha kila siku na una vimeng'enya vya kuvizima. Oksijeni inapozidi, uzalishaji huvipita vizimaji.

Jirani wa kwanza kunyakuliwa ni mafuta. Kila seli ya mwili imefunikwa kwa utando uliotengenezwa kwa mafuta laini, na ndani ya mapafu ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Radikali huru zikiugusa utando huo, mafuta yake huanza kuharibika, na molekuli moja ikiharibika huiambukiza ya pili, nayo ya tatu.

Mwenye duka la nafaka anakifahamu kitendo hiki, ingawa hajakisoma darasani. Karanga zilizokaa muda mrefu gunia likiwa wazi hutoa harufu kali ya mafuta yaliyoharibika. Harufu ile ni kemikali nyepesi zilizokatika kutoka katika molekuli ndefu za mafuta baada ya kushambuliwa na oksijeni ya hewani. Ndani ya kifua cha mpiga mbizi hutokea jambo la ukoo huohuo. Mafuta ya utando hukatika na kuacha vipande vidogo, vikiwamo vile wanakemia wanavyoviita alkani na aldehaidi. Kwa kuwa ni vyepesi, vipande hivyo hugeuka mvuke, huingia katika vifuko vya hewa, na kutoka nje pamoja na pumzi.

Kwa maneno mengine, pafu linaloungua hutoa moshi. Pua ya binadamu haiwezi kuunusa, maana kiasi chake ni kidogo mno, lakini mashine inaweza.

Kanuni ya zamani na dosari zake

Kabla ya kuieleza mashine hiyo, inafaa kuona ni nini kinachotumika hivi sasa, kwani hapo ndipo ulipo uzito wa suala lenyewe.

Kwa zaidi ya nusu karne kipimo kikuu cha madhara ya oksijeni kwa mapafu kimekuwa ni ujazo wa pumzi: kiasi kikubwa kuliko vyote cha hewa ambacho mtu anaweza kukitoa baada ya kuvuta pumzi hadi mwisho. Pafu lililovimba hutanuka kwa shida, hivyo ujazo hupungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wakiongozwa na Christian Lambertsen na James Clark, waliwapima vijana wachache wa kujitolea waliovuta oksijeni kwa saa nyingi. Kutokana na vipimo hivyo ikatengenezwa hesabu ya vizio vya sumu ambayo ilienea kote duniani kwa kifupisho cha UPTD. Kizio kimoja ni madhara ya kuvuta oksijeni tupu kwa dakika moja katika shinikizo la nchi kavu.

Vizio 615, yaani zaidi kidogo ya saa 10 za oksijeni tupu nchi kavu, vilikadiriwa kupunguza ujazo wa pumzi kwa asilimia 2. Vizio 1,425, ambavyo ni karibu siku nzima, vilikadiriwa kuupunguza kwa asilimia 10. Ukiipigia hesabu ratiba ya Jedwali la 6 niliyoitaja, unapata vizio zaidi ya 600 kwa tiba moja tu.

Hesabu hiyo ni rahisi, na urahisi wake ndio ulioifanya ipendwe. Ila ina dosari ambazo madaktari wa wapiga mbizi wamezinung'unikia kwa muda mrefu. Ujazo wa pumzi hutegemea juhudi ya anayepimwa: aliyechoka, aliyepata baridi au asiye na hamu hupuliza kidogo. Kwa mtu mmoja, tofauti ya asubuhi na jioni inaweza kukaribia ile asilimia 2 inayotafutwa. Aidha, takwimu zilitoka kwa watu waliokaa katika vyumba vikavu, ilhali mpiga mbizi yumo majini, damu ikisukumwa kutoka miguuni kwenda kifuani, akifanya kazi na kutetemeka kwa baridi. Na baya zaidi, hesabu hiyo humzungumzia mtu wa wastani. Donald alikwisha kutuonyesha, walau kwa upande wa ubongo, kwamba mbele ya oksijeni mtu wa wastani hayupo.

Mwaka 2002 Ran Arieli na wenzake wa nchini Israel walipendekeza fomula nyingine inayolipa shinikizo uzito mkubwa zaidi. Kwa kuijenga juu ya msingi huo, mwaka 2022 Jan Risberg pamoja na van Ooij waliandika makala ya kitaalamu ambayo kichwa chake kiliiaga waziwazi UPTD. Walipendekeza mahali pake hesabu iitwayo ESOT, inayobadilisha kila mzamo kuwa dakika za oksijeni tupu katika nchi kavu.

Chukua mfano mmoja. Mpiga mbizi anavuta oksijeni tupu kwa saa moja katika kina cha mita 9, ambako shinikizo ni angahewa 1.9. Kwa kanuni ya zamani, saa hiyo ni sawa na dakika 141 za oksijeni nchi kavu. Kwa kanuni mpya, ni sawa na dakika 260 hivi. Mzamo ni mmoja na mapafu ni yaleyale, lakini kanuni moja inakaribia kuwa maradufu ya nyenzake. Kamanda anayepanga nani azame tena jioni afuate ipi? Akikosea upande mmoja anawatia watu wake hatarini, na akikosea upande wa pili anawakalisha bure au, kwa mgonjwa aliyepooza miguu kwa ugonjwa wa mgandamizo, tiba inakatizwa kabla ya wakati wake. Tena, kanuni zote mbili zinatoa jibu bila kumtazama mtu mwenyewe.

Kusoma yaliyomo katika pumzi

Wazo la kuisoma pumzi ni la kale. Waganga wa tangu zamani walimtambua mwenye kisukari kilichozidi kwa harufu ya matunda kinywani mwake. Kisayansi lilipata nguvu mwaka 1971, pale Linus Pauling, mshindi wa Tuzo ya Nobel mara mbili, alipotangaza na wenzake kwamba wamehesabu takriban kemikali 250 katika pumzi ya binadamu. Mwaka 1974 watafiti wengine walionyesha kwa kutumia panya kwamba gesi ya ethani katika pumzi inaweza kuwa shahidi wa mafuta yanayoharibika ndani ya mwili.

Zipo pumzi ambazo tayari zimeingia katika kliniki. Nitriki oksidi, iliyogunduliwa katika pumzi ya binadamu na watafiti wa Sweden mwaka 1991, hutumika leo kuwapima wenye pumu, kwa kuwa huongezeka njia za hewa zinapovimba. Ungetarajia basi kwamba oksijeni ya shinikizo kubwa nayo ingeipandisha. Kinyume chake, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa baada ya tiba ya namna hiyo hushuka. Kwa hiyo kipimo kilichowafaa wenye pumu hakiwezi kuhamishiwa kwa wapiga mbizi kikiwa vilevile. Ilibidi kutafuta kemikali nyingine.

Namna Waholanzi walivyozitafuta inastahili kuelezwa, maana ugumu wote umo humo. Kwanza, anayepimwa hupumua kwa dakika kadhaa kupitia kichujio, ili hewa ya chumbani, yenye mvuke wa rangi za ukutani, sabuni na moshi wa magari, isihesabiwe kuwa ni yake. Kisha hupuliza katika mfuko ambao hautoi wala kunyonya kemikali. Hewa ya mfukoni hupitishwa polepole katika kibomba cha chuma chenye unga unaozinasa kemikali hizo, na kibomba ndicho kinachopelekwa maabara. Huko hupashwa moto ili kiachie kilichonaswa. Mashine ya kwanza hukitenganisha kilichomo kwa kuzishindanisha kemikali katika neli ndefu na nyembamba. Kila kemikali hufika mwisho kwa wakati wake. Mashine ya pili huzivunja na kuzipima uzito vipande vyake, na kwa uzito huo hutambua ni kemikali gani iliyopita.

Katika utafiti wa mwaka 2014, wapiga mbizi wa kijeshi walizama wakivuta oksijeni tupu kwa saa moja katika shinikizo la karibu angahewa 1.9. Watu walewale walizama pia wakivuta hewa ya kawaida. Utaratibu huo wa kumfanya kila mtu kuwa kipimo cha kujilinganisha yeye mwenyewe ndio wenye thamani kubwa, kwani huondoa tofauti za ulaji, umri na mazoea. Matokeo yalionyesha kwamba baada ya oksijeni ziliongezeka alkani mbili zenye matawi, za jamii ileile inayotarajiwa kutokana na mafuta yaliyokatika.

Mwaka 2019 Wingelaar na wenzake walilirudia jambo hilo kwa uangalifu zaidi. Wapiga mbizi walizama mita 9 kwa saa moja, siku moja wakivuta hewa na siku nyingine oksijeni, na mpangilio wa siku ukaamuliwa kwa bahati nasibu. Pumzi ilichukuliwa kabla ya mzamo, kisha nusu saa, saa mbili na saa nne baada ya kutoka majini. Kemikali kadhaa ziliongezeka katika saa zilizofuata mzamo wa oksijeni, ilhali baada ya mzamo wa hewa mwenendo ulikuwa tofauti. Kinachovutia hapa ni saa. Mtu amekwisha kuvua vazi la mpira, ameoga, amekunywa chai na anajiona mzima, lakini kifuani mwake kazi ingali inaendelea.

Mwaka 2022 uchunguzi ukahamia katika chumba cha tiba, ambako zilichunguzwa pumzi za watu waliopitishwa katika Jedwali la 6 lote. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima, kwa sababu ratiba hiyo ndiyo inayotumika kwa wagonjwa duniani kote.

Mashahidi wanaoweza kupotosha

Pamoja na hayo, sioni sababu ya mtu kuharakisha kuutangaza ushindi. Pumzi ni shahidi mwenye maneno mengi. Hubeba habari za kitunguu cha mchana, sigara ya asubuhi, dawa ya meno, bakteria wa kinywani na wa tumboni. Mpira na plastiki za vifaa vya kuzamia hutoa kemikali zao, na baadhi hufanana na zile zinazotafutwa. Kuwa majini kwenyewe, hata bila oksijeni ya ziada, hubadilisha mzunguko wa damu kifuani na hivyo hubadilisha kile kinachotoka.

Kuna na suala la idadi. Waliochunguzwa katika kila utafiti ni wachache, wengi wao wanaume vijana walioteuliwa kwa afya bora. Kemikali zilizojitokeza katika utafiti mmoja hazikuwa zote zilezile za utafiti mwingine. Zaidi ya hapo, kuongezeka kwa kemikali ni jambo moja, na kuumia kwa pafu ni jambo jingine. Kati ya seli zilizoguswa kidogo na kujitengeneza zenyewe usiku huo, na pafu linaloelekea kuvimba, uko mpaka ambao bado haujachorwa kwa tarakimu. Bila mpaka huo, daktari aliye melini hawezi kumwambia baharia kwamba leo basi.

Mashine zenyewe pia si za kubebwa begani. Ni za maabara, ghali, na huhitaji mtaalamu wa kuzisoma. Ndiyo maana sehemu ya matumaini imewekwa katika vifaa vidogo viitwavyo pua za kielektroniki, ambavyo havitaji jina la kila kemikali bali huikariri picha ya jumla ya pumzi na kuilinganisha na nyingine, kama mpishi anavyotambua kwa kunusa kwamba wali umeanza kushika chini. Vifaa vya aina hiyo vimejaribiwa kwa magonjwa ya mapafu kama pumu.

Kwa hospitali za kwetu, faida ya utafiti huu haitaishia kwa wapiga mbizi. Mgonjwa mahututi anayewekewa oksijeni ya kiwango cha juu kwa siku kadhaa anavuta dozi ambayo Lorrain Smith angeitambua mara moja. Tatizo ni kwamba pafu lake tayari linaumwa, hivyo ni vigumu kujua kipi kimeletwa na ugonjwa na kipi na tiba. Mpiga mbizi aliye mzima ni mahali safi pa kuanzia: kifua chake hakina jeraha jingine la kuchanganya mahesabu.

Kwa sasa, ratiba za kuzama na za tiba zinaendelea kutumia meza za hesabu, na mpiga mbizi anayeanza kukohoa kikavu baada ya saa nyingi za oksijeni hana dawa ya kumeza. Tiba ni kupunguza oksijeni na kusubiri. Mara nyingi kifua hutulia na ujazo wa pumzi hurudi katika siku zinazofuata, ingawa si kwa watu wote kwa kasi moja.